Masisi na Walikale, Nyuma ya Goma

Watanzania wengi wanaofika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, huishia Goma. Hupiga picha kwenye sanamu ya chukudu, huutazama usiku mwanga wa volkano ya Nyiragongo, kisha hugeuza. Ukiipita Sake, kama kilomita 25 magharibi, barabara huanza kupanda, na uhondo wenyewe uko huko juu.

Mushaki, katika wilaya ya Masisi, ni vilima juu ya vilima, kijani kitupu, ng'ombe wametapakaa hadi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angesita. Mandhari haya yana historia chungu. Walowezi wa Kibelgiji walifungua mashamba, na kuanzia 1937 serikali yao ikahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda waje kuyafanyia kazi. Ugomvi wa ardhi kati ya wazao wao na Wahunde, wenyeji wa hapa, haujaisha.

Cha kuonja ni jibini. Hutengenezwa kwenye vibanda visivyo na umeme: maziwa hupashwa kwa kuni, hugandishwa, hukatwakatwa, kisha hushindiliwa kwenye vyombo vya mviringo. Hutiwa chumvi na kupangwa kwenye mbao, likigeuzwa kila mara mpaka liote ngozi ya manjano. Kwangu mimi, hiyo pekee inatosha kumtoa mtu Goma.

Mizigo mingi huteremshwa kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila kanyagio wala kiti. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma; breki ni kipande cha tairi kuukuu anachokikandamiza kwenye gurudumu la nyuma. Akija mteremkoni na magunia ya viazi, mpishe.

Lakini usifunge begi bado. Rubaya, mji wa madini ya koltani ulioko Masisi, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, na Goma ikafuata Januari 2025. Machi mwaka huohuo waasi hao walifika hata wilaya jirani ya Walikale, wakaondoka mwezi uliofuata.

Walikale ni nchi nyingine kabisa. Ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, yenye gorila, inaingia humo. Wenyeji ni Wanyanga, wenye utenzi wa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema huku baba yake hataki mtoto wa kiume. Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956, mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck akaunakili.

Kilambo, karibu na mji wa Walikale, kuna kipande cha lami ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndicho kiwanja cha ndege. Magari yalisimamishwa, ndege ikatua barabarani, ikapakia magunia ya mawe ya bati yaliyobebwa mabegani kutoka machimbo ya Bisie kupitia msituni. Tangu 2019 Bisie kuna mgodi wa mashine, na bati yake husafirishwa kwa malori.