Mwanao akisema ‘notsi zangu ziko kwenye simu’

Binti yangu alipoibiwa simu kwenye daladala, wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula, nilimwambia aache kulia, simu tutatafuta nyingine. Akanijibu, “Mama, silii simu. Nalilia notsi.”

Muhula mzima alikuwa akipiga picha ubao na slaidi za wahadhiri, na picha zote zilibaki mle mle. Daftari hakuwa nalo hata moja. Kumbe somo moja tu, tena kwa kuonyeshwa na mwenzake, alikuwa akiliandika kwenye Google Keep. Tulifungua akaunti yake kwenye simu yangu na somo lile likarudi lote. Mengine aliomba madaftari ya wenzake, akanakili usiku na mchana. Hata hivyo alipata sapu moja.

Kwa hiyo mzazi, usiulize tu kama mwanao anaandika notsi kwenye simu. Muulize zikipotea atazipataje. Keep na OneNote ni za bure, na huhifadhi maandishi kwenye akaunti, si kwenye simu peke yake, mradi simu iwe inapata intaneti mara kwa mara. Evernote nayo ilisifiwa sana, lakini tangu mwishoni mwa 2023 anayeitumia bure ana kikomo cha notsi 50, idadi ambayo mwanafunzi humaliza mapema.

Jambo lililotusumbua zaidi ni nywila. Binti aliisahau, na namba ya kuirejesha ilitumwa kwenye laini ile ile iliyoibiwa. Laini yenyewe imesajiliwa kwa alama zangu za vidole, basi ikabidi nifunge biashara nusu siku niende mwenyewe kuirudisha. Nywila iandikwe mahali nyumbani, hata nyuma ya kalenda ya kabatini.

Bando si tatizo kubwa kama tunavyodhani. Maandishi hula kidogo sana, picha ndizo zinazokula. Hizo zipakiwe chuoni kwenye Wi-Fi.

Je, kalamu itupwe? Hapana. Mwaka 2014 watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika kwa kompyuta walinakili maneno ya mwalimu kama yalivyo, na maswali ya kuelewa yakawashinda zaidi ya walioandika kwa mkono. Tafiti za baadaye hazikupata tofauti kubwa kiasi hicho, ila mimi naamini kupiga picha ubao ni kubaya kuliko vyote, maana hakuna neno linalopita kichwani. Na mtihani wenyewe bado unaandikwa kwa kalamu, saa tatu mfululizo.

Sasa binti anaandika kwenye daftari darasani, jioni anapiga picha kurasa na kuzipakia Keep, kila somo na rangi yake. Ijumaa namtumia ujumbe: umepakia? Mara nyingine hujibu saa sita usiku, “Bado, Mama, napakia sasa hivi.”