Vanishi Hulinda Picha, Nani Amlinde Fundi?



Tangu wakati wa ukoloni, vijana wengi wa West Nile walitoka Arua, Aroi na Koboko wakashuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Mtu akihama hubeba blanketi lake, na muziki wa kwao pia. Si ajabu basi kusikia adungu ya Waalur upande mmoja wa kambi, na upande wa pili gitaa la umeme likipigwa kwa mtindo wa Kongo, nchi ambayo mpaka wake uko karibu kabisa na Arua.

Gitaa la kilabu cha wafanyakazi mara nyingi ni kuukuu, limechubuka, halipendezi. Na watoto wetu walioko shule wanajua kuchora. Kwa nini picha zao zisipambe gitaa la wazazi wao? Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Inahitaji subira, na inahitaji mtu anayejua hatari zake. Tueleze yote mawili.

Kwanza tuelewe kwa nini gitaa la umeme linafaa kupambwa. Sauti ya adungu hutoka kwenye ngozi iliyowambwa juu ya mti uliochimbwa. Ukiipaka ngozi hiyo rangi nzito, inakuwa nzito na sauti inafifia. Basi kwenye adungu pamba mti peke yake, ngozi iache. Gitaa la umeme ni tofauti. Kiwiliwili chake ni ubao mzima. Nyuzi zake za chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Mtikisiko huo huzaa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Kwa hiyo rangi juu ya ubao haiharibu sauti.

Lakini picha bila kinga haidumu. Mwaka 1967, mpiga gitaa wa Uingereza Eric Clapton alikuwa na gitaa lililochorwa picha za kupendeza sana na wasanii wawili Waholanzi. Rangi yake ilianza kubanduka na kufutika kwa kusuguliwa na mikono, ikabidi baadaye litengenezwe upya. Mkono wa mpigaji una jasho, na jasho lina chumvi. Ndiyo sababu ya vanishi.

Sasa kazi yenyewe.

1. Fungua nyuzi, vishikizo na sumaku. Skrubu zitie ndani ya kopo ili zisipotee. Kabla ya kuachanisha waya, chora kwenye karatasi jinsi zilivyounganishwa. Upo waya wa ardhi unaogusa chuma kinachoshika nyuzi. Mahali hapo pasipakwe kitu, kwa sababu rangi huzuia umeme na gitaa litavuma. Ubao wa shingo, pale vidole vinapobonyeza, nao usiguswe.

2. Kwaruza rangi ya zamani kwa msasa namba 400 uliolowekwa maji kidogo, na maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu. Usikwaruze kukavu. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto wasiwepo hapo kabisa. Kazi yao ni picha.

3. Wape watoto karatasi nyembamba iliyokatwa kwa umbo la gitaa. Wachore wanachokijua: soko, mto Nile, mama akipalilia, baba akitoka zamu. Kila mtoto aandike jina lake pembeni mwa picha. Sisi tunaodai jasho letu lijulikane tusiifanye kazi ya mtoto iwe haina mwenyewe.

4. Kabla ya kubandika, jaribu wino kwa kidole chenye maji, kisha jaribu vanishi yako juu ya kipande cha karatasi kilichochorwa kwa kalamu zile zile. Wino ukitapakaa, badilisha kalamu. Halafu bandika picha kwa gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji kidogo. Anza katikati, sukuma mapovu kuelekea pembeni. Acha ikauke siku nzima.

5. Paka vanishi nyepesi mara nyingi, usipake nzito mara moja. Kila mkono ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Baada ya mikono mitatu, lainisha kwa msasa namba 600, kisha endelea mpaka kidole kisihisi tena ukingo wa karatasi. Mwishoni acha gitaa lining'inie wiki mbili au tatu vanishi ikomae, ndipo urudishe vyuma na nyuzi.

Chagua majira. Mvua za West Nile huifanya hewa iwe na unyevu, na vanishi ya kukauka haraka hugeuka nyeupe kama ukungu. Kuanzia Desemba hadi Februari hewa ni kavu, lakini vumbi ni jingi. Nyunyiza maji sakafuni kwanza ili vumbi litulie.

Tumefika kwenye jambo kubwa. Vanishi inailinda picha. Fundi je, analindwa na nini?

Vanishi inayoyeyushwa kwa thina hutoa mvuke unaowaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni mpaka ukutane na moto. Sigiri iliyo chumba cha pili inaweza kuuwasha. Basi pakeni nje, au penye madirisha wazi pande mbili, bila sigara, bila koroboi, bila sigiri. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe, kwa maana yanaweza kujiwasha yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize ndani ya maji.

Hatari zaidi ni vanishi ya makopo mawili, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha kama inavyofanywa kwenye magari. Nyingi kati ya hizo zina kemikali inayoleta pumu, na aliyekwisha kuathirika huweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo tu. Kitambaa puani hakizuii mvuke, wala barakoa ya vumbi haizuii. Kwa gitaa la kilabu, vanishi ya maji kwa brashi inatosha. Vanishi ya makopo mawili msiitumie nyumbani.

Na ikiwa ndiyo unayopuliza kila siku kazini, basi habari hii inakuhusu zaidi. Sheria ya usalama na afya kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Soma maandishi ya kopo, au mwombe mwenzako akusomee. Ukikohoa kila unapotoka zamu, na kifua kikapoa siku za mapumziko, usinyamaze. Mwone daktari, umweleze unachopuliza, kisha umwarifu mwakilishi wako wa chama. Mmoja akilalamika huonekana mkorofi. Wote wakisema, mwajiri husikiliza.

Siku gitaa litakapopigwa kwenye sherehe ya Mei Mosi, watoto watazitafuta picha zao na majina yao chini ya vanishi. Tunataka na fundi aliyeipaka awe palepale akicheza, kifua chake kikiwa kizima. Kinga ni bora kuliko tiba.