Miti Imelala, Lakini Mkulima Asilale
Kazi za majira ya baridi kwa wenye miti ya plamu, pichi na tofaa

Ikiwa shamba lako liko Limuru, Kinangop, Molo au mahali pengine penye baridi, wajua vema jinsi mwezi wa Julai ulivyo. Ukungu hauondoki upesi, jua ni la kubahatisha, na jioni kila mtu hutafuta moto. Miti yako ya plamu, pichi na tofaa imepukutisha majani, au imebakiwa na machache ya manjano. Wakulima wengi huitazama na kusema, “Miti imelala, hapana kazi.” Hilo ni kosa. Kazi ya majuma haya machache ndiyo itakayoamua utauza nini mwezi wa Januari.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa na miti sita ya plamu. Kila Januari ndiyo iliyomlipia karo. Kwa miaka mitano hakuipogoa hata mara moja, kwa sababu aliona huruma kukata tawi lizaalo. Mwaka wa tano miti ilizaa kupita kiasi. Matawi yakainama mpaka chini, lakini matunda yalikuwa madogo. Majuma mawili kabla ya mavuno upepo ulivuma usiku, na asubuhi miti miwili ilikuwa imepasuka katikati. Mnunuzi alipofika aliyakataa matunda madogo. Karo ya mwaka ule ililipwa kwa kuuza ndama.

KWA NINI MTI HUTAKA BARIDI

Miti hii asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali. Isipopata baridi ya kutosha haiamki vizuri: maua hutoka machache na kwa nyakati mbalimbali. Hata Wajapani, ambao hukuza miti midogo ndani ya vyungu, miti iitwayo bonsai, hawaiingizi miplamu yao katika nyumba yenye joto wakati wa baridi. Huiacha nje ipumzike, wakaikinga mizizi tu isigande. Mwenye kuuhurumia mti wake na kuuweka karibu na moto huudhoofisha.

Hapa kwetu baridi si nyingi, kwa hiyo chagua aina ya mti kwa makini. Tofaa aina ya Anna, iliyotoka Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahama, hutosheka na baridi kidogo. Zipande pamoja, maana Anna huzaa vizuri ikipata chavua ya Dorsett Golden. Ikiwa wewe hunyweshea maji mitofaa yako, punguza maji kabla ya kupogoa ili ipumzike. Majani yakikataa kuanguka, yaondoe kwa mkono.

JINSI YA KUPOGOA

Tayarisha makasi ya kupogolea na msumeno mdogo, vyote vikiwa vikali. Panga haifai, kwa maana hupasua gome na kuacha kidonda kisichopona upesi. Umalizapo mti mmoja, pangusa vyombo kwa spiriti kabla ya kwenda kwa mwingine, usije ukachukua ugonjwa hapa na kuupeleka pale.

Kwanza, ondoa matawi yaliyokufa, yaliyovunjika na yenye ugonjwa. Pili, ondoa yanayopandana na kusuguana, na yale yanayoelekea ndani. Tatu, kata machipukizi yote yatokayo chini ya mahali mti ulipounganishiwa, kwa kuwa hayo hunyonya chakula bila faida. Ukimaliza, katikati ya mti pawe wazi kama bakuli, jua na hewa viingie.

Unapofupisha kijiti, kata kwa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Tawi jipya litafuata upande huo. Unapoondoa tawi zima, usiache kisiki, kitaoza. Wala usichimbe mpaka ndani ya shina. Iache ile pete nene iliyo kwenye maungio, nayo itafunika kidonda. Tawi kubwa likate kwa hatua tatu: kwanza kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina; kisha kutoka juu mpaka lianguke; mwisho kisiki kilichobaki. Ukikata mara moja tu, tawi litaanguka na gome la shina.

Mti mchanga usiuonee haya. Unapoupanda, ukate kimo cha sentimita 60 hadi 75, kisha uchague matawi matatu au manne yaliyo imara. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

PICHI SI PLAMU

Hapa ndipo wengi hukosea. Pichi huzaa juu ya vijiti vilivyoota mwaka uliopita tu. Kijiti kilichokwisha kuzaa hakitazaa tena. Kwa hiyo ikate pichi kwa nguvu kila mwaka, ukibakiza vijiti vipya vyenye afya, ili mwakani uwe na vingine. Plamu na tofaa huzaa juu ya vijiti vifupi vinene vidumuvyo miaka mingi. Ukivikata hivyo umekata mavuno yako. Punguza msongamano tu.

BAADA YA KUKATA

Matawi yenye ugonjwa yachome, usiyaache chini ya mti. Kabla macho ya pichi hayajaanza kuvimba, nyunyiza dawa ya shaba kuzuia ule ugonjwa wa kujikunja majani. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ujikinge macho, mikono na pua. Ukiona kitu kama pamba nyeupe juu ya mtofaa, hao ni vidukari. Wasugue kwa brashi na maji ya sabuni. Kisha tandaza samadi iliyooza, debe moja au mawili kwa mti mkubwa, chini ya ncha za matawi. Usiisukume mpaka ikaegemea shina.

Matunda yakisha kushika, yapunguze mapema. Usiruhusu yabanane kama shanga.

Mara ya kwanza yafaa uombe afisa wa kilimo wa wadi yako akuonyeshe kwa mti mmoja. Mingine utaifanya mwenyewe.

Mama yule alifanya hivyo kwa miti yake minne iliyosalia. Mwaka wa kwanza alipata matunda machache kuliko zamani, lakini yalikuwa makubwa, na mnunuzi hakukataa hata debe moja. Januari ile hakuuza ndama. Sasa kila Julai, ukungu ukiwa bado haujaondoka, utamwona shambani na makasi mkononi.