Mwandishi Mmoja, Majina Mengi: Lakabu na Ushahidi wa Lugha

Desturi ya mtu mmoja kusema mbele ya watu kwa majina zaidi ya moja ni ya zamani, wala si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Mshairi hujitia lakabu akafahamika kwayo kuliko kwa jina alilopewa na wazazi wake. Amiri Sudi Andanenga, kwa mfano, amejulikana kwa wasomaji wa ushairi kuwa Sauti ya Kiza. Lakabu ya namna hii haimdanganyi mtu. Ni kama kilemba: humpamba mvaaji, wala hakimfichi uso. Ziko namna nyingine mbili ambazo yafaa zitengwe nayo.

Namna ya kwanza ni ya mtu kujigawa ili apanue sanaa yake. Mfano mkubwa ni Fernando Pessoa, Mreno aliyezaliwa Lisbon mwaka 1888 na kusomea Durban, Afrika ya Kusini. Huyu hakubadili jina tu, bali kila jina alilipa maisha yake, kazi yake na lugha yake. Alberto Caeiro hakuwa na elimu kubwa, akaeleza mambo ya mashambani kwa maneno mepesi. Ricardo Reis, aliyekuwa tabibu, alifuata mizani na adabu ya washairi wa kale. Álvaro de Campos, mhandisi wa merikebu, aliimba mitambo na miji kwa mistari mirefu isiyofungwa na vina. Mwaka 1924, katika jarida la Athena, Campos aliandika makala ya kumpinga Pessoa mwenyewe.

Namna ya pili ni ya mtu kujishuhudia. Walt Whitman, mshairi wa Marekani, alipotoa diwani yake Leaves of Grass mwaka 1855, aliandika mwenyewe uhakiki wa kuisifu, akautoa katika magazeti bila ya jina lake. Wahenga wamesema, mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini huyu aliwafanya watu waamini kwamba kamba inavutwa na mkono mwingine.

Tofauti ya wawili hawa haimo katika kuficha jina, maana wote walificha. Imo katika kile anachohesabu msomaji. Pessoa alipojipinga, msomaji alipata hoja mbili, na kila moja yaweza kupimwa kwa uzito wake. Whitman alipojisifu, msomaji alidhani amepata shahidi, kumbe amemsikia mwenye shauri lenyewe. Hoja haihitaji jina ili iwe kweli, ushahidi wauhitaji.

Je, lugha yaweza kumfichua mwenye majina mengi? Jibu lililo maarufu lilitolewa mwaka 1964 na Frederick Mosteller na David Wallace. Kati ya mwaka 1787 na 1788 zilitolewa Marekani makala 85 za kutetea katiba mpya, zote kwa jina moja la Publius, ingawa waandishi walikuwa watatu: Hamilton, Madison na Jay. Makala 12 ziligombaniwa baina ya Hamilton na Madison. Wataalamu hao hawakutazama maneno makubwa, ambayo mtu huyachagua kwa kufikiri, bali vijineno ambavyo kalamu huviangusha yenyewe. Hamilton alipenda kuandika *upon*, naye Madison aliliandika kwa nadra; mmoja aliandika *while*, mwenzake *whilst*. Hesabu ilimwelekea Madison.

Kwa Kiswahili njia hii yahitaji uangalifu. Kwanza, mengi ambayo kwa Kiingereza ni vijineno, kwetu yamo ndani ya kitenzi. Yatupasa tuhesabu kama mtu husema "asemaye" au "ambaye anasema", "twaweza" au "tunaweza", pamoja na uteuzi wake wa "maana", "kwa kuwa" na "kwa sababu". Pili, shairi halishuhudii kama nathari. Neno "lakini" lina mizani tatu, na "bali" lina mbili. Mshairi huenda akachagua moja kwa kulazimishwa na kipande cha mshororo, wala si kwa mazoea yake. Tatu, mhariri wa gazeti husahihisha, hata waandishi kumi wakafanana.

Tena, watu waliosoma kwa mwalimu mmoja, au waliokulia katika lahaja moja, hushirikiana mazoea mengi. Anayesema kwamba watu wawili ni mtu mmoja huenda akamvunjia heshima asiye na hatia, akamnyang'anya mtunzi kazi yake na kumpa mwingine. Kwa hiyo kufanana kwa maneno kuwe mwanzo wa uchunguzi, kusiwe hukumu. Na hapana budi atafutwe kwanza mtu wa tatu, wa mji ule ule na zama zile zile, apimwe pamoja nao. Naye akilingana nao sawasawa, tutajua kwamba tulichopima ni lugha ya mji, wala si mkono wa mtu.