Lubumbashi: Habari ya kilio inapomfikia dereva kwenye volani

Mfano huu mkaaji yeyote wa Lubumbashi anaweza kuuwaza. Dereva wa taksibasi ametoka katikati ya mji kuelekea komine ya Katuba, gari limejaa. Simu inalia: mdogo wake amefariki. Anaendelea kuendesha huku machozi yakimtoka, kwa sababu abiria wamekwisha kulipa na jioni mwenye gari atadai pesa yake.

Ajali ikitokea, watu hutaja mwendo kasi, pombe, breki mbovu au mashimo ya barabara. Moyo wa dereva hautajwi sana. Hata hivyo, watafiti wa Virginia Tech, Marekani, waliofuatilia madereva zaidi ya 3,500 kwa kamera ndani ya magari yao, walitangaza mwaka 2016 kwamba dereva anayeonekana mwenye hasira, huzuni au anayelia yuko katika hatari ya ajali karibu mara 10 kuliko dereva mtulivu aliye makini. Kutumia simu ya mkononi, kwa jumla, kulizidisha hatari mara 3.6 tu.

Sababu inaeleweka. Macho yanatazama barabara, akili iko nyumbani. Gari linaloenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde mbili kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha.

Hasira nayo inamsukuma mtu kupita wengine ovyo. Hapa Lubumbashi hilo ni baya zaidi, kwani magari mengi yana volani upande wa kuume, na Kongo inaendesha upande huohuo wa barabara. Anayetaka kulipita lori lazima atoe karibu gari zima katikati ya barabara kabla ya kuona kinachokuja mbele. Kwenye Barabara ya Kitaifa namba 1, kuelekea Kasumbalesa au Likasi, ambako malori ya shaba na kobalti yanafuatana, kazi hiyo inadai subira. Aliyetoka kugombana nyumbani hana subira hiyo.

Kumwambia dereva «tulia» ni rahisi. Wengi wanaendesha gari la mtu mwingine, na saa moja ya kusimama ni safari iliyopotea. Mwenye gari anayekataa kusamehe pesa ya siku moja ya msiba naye anachangia hatari, hata kama hayumo garini.

Jamaa pia wana sehemu yao. Kabla ya kutoa habari ya kifo kwa simu, waulize kwanza: «Uko wapi? Unaendesha?» Na wakati wa kurudi kutoka makaburini, jirani achukue funguo za ndugu wa marehemu.

Ndani ya taksibasi, anayeona machozi kwanza ni abiria wa kiti cha mbele. Anaweza kusema tu: «Papa shofa, simama kidogo, tutangoja.»