Haki ya Nyumba Asubuhi ya Safari

Vijana wapitao na pikipiki zao kubwa, watokao Mombasa kwa njia ya Lunga Lunga na Horohoro hata Tanga, kisha wakateremka kwetu Pangani kwa nia ya kuifuata pwani mpaka Mikindani na kuuvuka Mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja, wana lawama moja juu yetu. Husema kwamba mgeni akishalala nyumbani mwetu hatumpi ruhusa ya kuondoka. Kwamba mizigo imekwisha kufungwa na jua limekwisha kupanda, naye angali amekaa barazani akingojea hili na lile, kwa kuwa watu wa Pwani hawajui thamani ya wakati. Lawama hii hunichoma kila niisikiapo, maana waisemao wameona kungoja tu, wala hawakuona kinachongojewa.

Mwenye pikipiki aliyekwisha kwenda masafa marefu hathubutu kuiwasha akaondoka hivi hivi. Upepo wa bahari yetu una chumvi, na chumvi huula mnyororo upesi, basi jambo la kwanza ni kuiosha pikipiki kwa maji baridi, ambayo aghalabu huchotwa na watoto wa nyumba, wakigombania ndoo. Akishaikausha hutandika gunia, akapiga magoti, akautia mnyororo mafuta, kisha akauinua kwa kidole katikati, kati ya meno ya mbele na ya nyuma, kuona kama umelegea kiasi cha sentimita 2 au 3, kwani ukikazwa mno hula meno, na ukilegea mno huchomoka njiani. Hupima upepo wa matairi kabla hayajapata moto, hutazama oili pikipiki ikiwa imesimama wima, na mwenye ujuzi hugonga spoki moja moja kwa spana na kusikiliza, kwa kuwa iliyolegea haitoi mlio kama wenzake. Kazi hii yaweza kuchukua saa nzima, wala hakuna amwambiaye kuwa anapoteza wakati. Wote humsifu kwa uangalifu wake. Nauliza basi: ikiwa chuma kina haki ya saa moja, mwanadamu aliyekipanda hana?

Maana saa hiyo hiyo nyumba nayo inamtengeneza msafiri. Kwetu shangazi huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akakanda unga kwa samli, akakata visheti, akavikaanga na kuvipakaza shira mpaka sukari ikakauka juu yake ikawa nyeupe. Na amechagua visheti kwa sababu hukaa siku nyingi bila kuharibika. Huongeza tende, malimau na ng'onda, akavifunga katika kitambaa safi na kuvipenyeza mwenyewe katika mkoba ulio juu ya tangi, huku akisema, "Mwanangu, huko mbele hujui utakula wapi." Mgeni hutakiwa anywe uji, na kama ni Mwislamu aswali rakaa mbili za safari.

Kisha huja jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kupita yote. Mwenyeji humshika mgeni mkono, akamwambia, "Tuwie radhi kama tumekukosea," na mgeni hujibu, "Nami mniwie radhi." Hapo ndipo msahafu huinuliwa mlangoni, msafiri akapita chini yake, na chetezo cha ubani kikazungushwa pale alipo na chombo chake. Wako waliotucheka kwa kufukiza pikipiki, wakauita ushirikina. Lakini wazee wetu walifukiza majahazi wakiomba salama kwa Mungu, na pikipiki ni chombo kama jahazi. Asiyekuwa wa dini yetu halazimishwi kitu, ila radhi haimpiti.



Wala desturi hizi za kuagana si mambo ya juzi. Kutoka mji huu misafara ya pembe ilikwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ikikaa barani miezi mingi, na wengi hawakurudi. Na asomaye Safari za Wasuaheli, zilizokusanywa na Carl Velten na kupigwa chapa mwaka 1901, ataona jinsi safari ya siku zile ilivyokuwa na njaa, maradhi na vita. Watu walioyajua hayo hawakuweza kumtoa mwenzao mlangoni kwa kumpungia mkono tu.

Leo njia imo ndani ya simu, vitanda viko katika nyumba za wageni, na hata aliyekaribishwa nyumbani husukuma pikipiki yake gizani mpaka pembe ya mtaa ndipo akaiwasha, asimwamshe mtu, akidhani hiyo ndiyo adabu. Shangazi amepata kubaki na sinia la visheti vingali moto, mlango umeegeshwa, na mpaka adhuhuri hakusema na mtu. Si kwa ajili ya unga wala sukari, bali kwa kuwa mtu aliyekula kwake ameshika njia ndefu bila ya radhi kutamkwa baina yao.

Basi wewe upitaye Pangani, ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, mwambie mwenyeji wako tangu jioni saa utakayoondoka. Ataamka mapema zaidi kwa ajili yako, nawe hutachelewa.