Je, Wajua? Paka hajui utamu wa sukari

Ukimkuta paka akilamba kikombe chako cha chai, usidhani kafuata sukari. Ulimi wake hautambui utamu kabisa. Kinachomvuta ni mafuta na protini ya maziwa. Na maziwa hayohayo huwaharisha paka wengi wakubwa, kwa hiyo maji safi yanamfaa zaidi. Akija kukusugulia shavu miguuni, tezi za shavuni mwake zinakupaka harufu yake: ndiyo kusema umeshakuwa mali yake.

Hatari kubwa imo kwenye kabati la dawa. Paka akijikunyata na kukataa hata samaki, wapo wanaomvunjia kipande cha parasetamo, kama wafanyavyo kwa mtoto mwenye homa. Jamani, msithubutu! Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua. Ufizi hugeuka kahawia, uso ukavimba, akahema kwa shida. Mkimbize kwa daktari wa mifugo papo hapo, bila kungoja kesho.

Mbwa naye asipewe chokoleti, hasa ile nyeusi, wala zabibu kavu zilizobaki kwenye pilau. Zabibu hizo zinaweza kumwulia figo.